Kusoma Nyayo za Mtu Anayepepesuka

Ukitaka kujua kwa nini ndugu yako anapepesuka, usimtembeze kwenye mchanga mkavu. Mchanga mkavu wa pwani yetu ya Msimbati, mkoani Mtwara, humyumbisha hata kijana mwenye afya aliyebeba ndoo ya dagaa. Ngoja maji yakupwe, umshushe kwenye ule mchanga mgumu uliolowa ambao magari hupita bila kuzama. Avue viatu, atembee kama hatua ishirini kwa mwendo wake wa kila siku, ageuke, arudi. Mtu mmoja aende naye sambamba, tayari kumdaka, lakini kwa umbali wa mkono ili nyayo zao zisichanganyike. Akishapita, inama usome mchanga.

Mtu asiye na tatizo huacha nyayo zilizo karibu na mstari mmoja, na nafasi kati ya hatua na hatua hulingana kiasi cha kukuwezesha kubashiri unyayo wa kumi utaangukia wapi. Aliyepata kiharusi cha upande mmoja huacha mfereji wa vidole, kila mara mguu uleule. Mwenye konzo, ugonjwa wa muhogo mchungu unaokakamaza miguu, huchimba kwa ncha za vidole vya miguu yote miwili, na visigino havigusi sana. Mwenye ugonjwa wa Parkinson huacha hatua fupifupi zilizobanana. Ambaye neva za miguu zimekufa ganzi hupiga chini kwa kishindo, tundu la kisigino likawa na kina kuliko la vidole. Wote hao wanakosea, ila wanakosea kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtu ambaye tatizo lake liko kwenye serebela, yaani ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, hakosei kwa namna moja. Nyayo zake zimetanuka. Hatua moja ni ndefu, inayofuata fupi, moja imetoka nje, nyingine imeingia ndani, na pale alipogeuka kuna rundo la hatua ndogondogo za kutafuta pa kukanyaga. Huwezi kubashiri unyayo unaofuata. Kutobashirika huko ndiko alama kubwa, na mchanga unaionyesha kuliko sakafu ya zahanati, kwa kuwa sakafu haihifadhi kitu.

Piga picha kabla maji hayajarudi. Laza fimbo au kamba yenye urefu unaojulikana kando ya nyayo ili daktari apate kipimo. Jua la asubuhi au la jioni, linapopiga kwa ubavu, hutia kivuli ndani ya kila unyayo. Saa sita mchana picha hutoka bapa, huoni kitu. Kisha mrekodi kwa video akienda na akirudi, na usisahau kugeuka kwake, maana wengi wanaojikaza wakienda mbele huumbuka wakigeuka.

Kuna watu wa kuwasamehe kipimo hiki kwa siku ya kwanza. Aliyeshuka chomboni baada ya safari ya bahari huihisi nchi kavu ikipanda na kushuka, wala si mgonjwa. Serebela yake ilijifunza mwendo wa mawimbi, na sasa inajifunza upya ardhi iliyotulia. Mpe usiku mmoja wa kulala.

Namna ya kumwomba mzee

Kwa watu wazima kazi ngumu si kipimo, ni kumpata akubali. Mzee anayepepesuka ameshasikia minong'ono: kalewa, karogwa, kapandwa na mashetani. Ukimwambia unataka kumpima, atakwambia yeye si mtoto. Mimi huona njia nzuri ni kumpa sababu iliyo upande wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mbona na simu mkononi?"

"Nataka twende wote pwani maji yakitoka, nipige picha nyayo zako, nimpelekee daktari."

"Za nini? Mimi nimelewa?"

"Ndiyo maana nataka picha, babu. Wasije wakasema umelewa."

Hapo wengi huinuka wenyewe. Kama ni bibi, mtume binti au mjukuu wa kike, na kanga ifungwe isiburure chini. Kanga inayoburura hufuta nyayo na yaweza kumkwaza.

Nguvu ipo, wakati ndio umepotea

Kabla ya kipimo kingine chochote mwambie akubane mkono wako kwa nguvu zake zote, wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu akiwa amekaa ausukume mkono wako kwa goti. Ukikuta nguvu zimejaa pande zote mbili na bado hawezi kwenda sawa, umeshajifunza jambo ambalo familia nyingi hulikosa: huyu si mdhaifu. Supu ya pweza haitamponya kuyumba, wala sindano za vitamini za kununua holela. Kilichoharibika ni wakati wa misuli kuanza kazi na wakati wa kuiacha, na wakati huo hupangwa kwa ishara za kuzuia.

Hapa inafaa kuingia ndani kidogo, kwa sababu ukielewa utaratibu huu huhitaji kukariri vipimo.

Serebela ina uzito wa kama sehemu ya kumi ya ubongo, lakini hesabu iliyochapishwa mwaka 2009 na wanasayansi wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, ilionyesha kuwa kati ya nyuroni kama bilioni 86 za ubongo wa binadamu, bilioni 69 hivi zimo humo. Juu kuna gamba lenye mikunjo. Chini yake, katikati ya nyama nyeupe, kuna jozi nne za viini vya ndani, na kikubwa kati ya hivyo huitwa denteti. Karibu kila amri ya serebela inayokwenda kusahihisha mwendo wa mkono, mguu na sauti hutokea kwenye viini hivyo.

Gamba linavifikia viini kwa njia moja tu: seli za Purkinje, zilizopewa jina la Mcheki Jan Purkyně aliyezieleza mwaka 1837. Kwa muda mrefu watu walidhani seli kubwa namna ile lazima iwe inatoa amri ya kutenda. Katika miaka ya 1960, huko Japani, Masao Ito na wenzake waligundua kinyume chake. Kila seli ya Purkinje, bila hata moja kutoka nje ya mstari, hutuma ujumbe wa kuzuia. Kwenye sinapsi, yaani pale inapokutana na seli ya kiini, humwaga kemikali iitwayo GABA. GABA hufungua vilango vya kloridi kwenye ngozi ya seli inayopokea. Kloridi, yenye chaji hasi, huingia. Umeme wa ndani hushuka, na seli hushindwa kurusha ishara yake kwa muda mfupi sana.

Seli za viini, kwa upande wao, hazingoji kuamshwa. Hata zikikatiwa mawasiliano yote maabara huendelea kurusha ishara zenyewe, makumi ya mara kila sekunde. Na seli za Purkinje nazo huzituliza makumi ya mara kila sekunde, mchana na usiku. Mtu wa Msimbati atalielewa hili kwa demani ya chombo cha tanga, ile kamba ya kukazia na kulegeza tanga. Upepo upo muda wote, na mkono ulioshika demani hauumbi upepo; unakaza, unalegeza, na chombo hushika njia kwa kule kulegeza kunakokuja kwa wakati wake. Mwaka 2012 Abigail Person na Indira Raman, wakifanya kazi Marekani, walionyesha kwamba seli nyingi za Purkinje zinapozuia kwa pamoja kisha zikapumzika kwa pamoja, seli ya kiini huitumia nafasi ile ndogo kurusha ishara yake, kwa usahihi wa sehemu za elfu za sekunde. Mkono wa demani ukichelewa, upepo haujapungua wala tanga halijachanika, lakini chombo kinakwenda mrama.

Gordon Holmes, daktari wa Ireland aliyewatibu askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, aliona watu waliopigwa risasi kisogoni wakaharibika upande mmoja wa serebela. Mkono wa upande uleule uliojeruhiwa ndio uliopotea njia: kwa serebela, kulia huharibu kulia, tofauti na kiharusi cha ubongo mkubwa ambacho huvuka upande wa pili. Mmoja wa wagonjwa wake alimweleza kuwa mkono mzima hufanya kazi bila yeye kufikiri, ila ule mwingine lazima aufikirie kila mwendo. Mkumbuke askari huyo kila unapotaka kumharakisha mgonjwa wako. Anayefikiria kila hatua hawezi kukujibu habari za korosho huku akivuka kizingiti.

Vipimo vya barazani

Mkalishe kwenye kiti, uso kwa uso nawe. Nyoosha kidole chako cha shahada kwa umbali ambao mkono wake utafika ukiwa karibu kunyooka kabisa. Aguse ncha ya pua yake, kisha ncha ya kidole chako, arudie, nawe uhamishe kidole kidogo kila mara. Mwenye tatizo la serebela hupitiliza au huishia njiani, na mtetemo huzidi kadiri anavyokaribia. Mtetemo wa Parkinson huja mkono ukiwa umetulia mapajani na hupungua mkono ukienda kazini. Tofauti hiyo ina thamani sana, maana dawa zake ni tofauti kabisa.

Halafu apige paja lake kwa kiganja, ageuze apige kwa mgongo wa mkono, kwa haraka, kama mtu anayepiga ngoma ndogo. Sikiliza kuliko kutazama. Mapigo yaliyovunjikavunjika, moja kubwa moja dogo, ni serebela. Mapigo ya polepole lakini yanayolingana yanaweza kuwa kitu kingine, hata uzee tu.

Alale chali mkekani, aweke kisigino cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine, akiteremshe kwenye muundi hadi kifundoni. Kisigino kikichezacheza kulia na kushoto au kikianguka, andika ni mguu upi.

Kuna kipimo kimoja ambacho nakiogopa kidogo lakini kinasema mengi. Mwambie akunje kiwiko akivuta kuelekea kwake huku wewe ukimzuia, kisha umwachie ghafla. Mtu mwenye afya huusimamisha mkono hapohapo. Mgonjwa wa serebela hujipiga. Kwa hiyo weka mkono wako mwingine mbele ya uso wake kabla hujaachia, na kama mzee ana miwani, ivuliwe.

Sauti ipimwe kwa maneno ya nyumbani: aseme "Mtwara, Mikindani, Msimbati" mara kadhaa mfululizo. Sauti ya serebela hukata silabi moja moja, ikipanda na kushuka bila sababu. Macho nayo yafuate kidole chako pole pole kulia na kushoto. Yakirukaruka badala ya kuteleza, andika.

Mwisho asimame miguu ikiwa imebanwa, wewe nyuma yake na mikono tayari. Akiyumba macho yakiwa wazi, serebela inashukiwa. Akisimama vizuri macho wazi kisha akaanguka akiyafumba, tatizo huenda liko kwenye neva za miguu au uti wa mgongo, na wakati mwingine sikio la ndani, kwa kuwa alikuwa akijisaidia kwa macho.

Ukimaliza, tazama mgawanyo. Miguu na kiwiliwili vikiwa vibaya huku mikono ikiwa karibu salama, kilichoguswa zaidi ni ukanda wa katikati wa serebela pamoja na kiini chake cha fastijiali. Mikono ikiwa mibaya, ni pande za nje na denteti. Madaktari wana mizani yao iitwayo SARA, iliyotolewa mwaka 2006, yenye vipengele vinane na alama kuanzia 0 hadi 40, inayotumia vipimo vinavyofanana na hivi. Huna haja ya kutoa alama. Andika tarehe, andika upande, na mchoreshe mduara wa konokono kwenye karatasi ileile kila mwezi.

Usipime, kimbia

Kuyumba kulikoanza ghafla, ndani ya dakika au saa, pamoja na kutapika, kichwa kuuma kisogoni, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kabisa kukaa, si kwa mchanga wala mkeka. Kiharusi cha serebela huvimba, na uvimbe kule nyuma hauna nafasi. Huziba njia ya maji ya ubongo na kuua mtu aliyekuwa akizungumza asubuhi. Vivyo hivyo mtu anayeyumba huku akisinzia, au mwenye homa. Mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo. Mtoto anayeamka na kichwa kikimuuma, akitapika asubuhi baada ya asubuhi na mwendo wake ukiharibika, anahitaji picha ya CT hata kama jioni anaonekana mchangamfu.

Mtoto aliyeanza kuyumba siku au wiki chache baada ya tetekuwanga kwa kawaida hupona ndani ya wiki au miezi michache, na malaria kali nayo huweza kuacha kuyumba kwa namna hiyo. Hata hivyo aonwe. Kusubiri kupona ni uamuzi wa daktari aliyekwisha kumtazama mtoto.

Kinachoingia mdomoni

Sasa kusanya kila dawa iliyomo ndani ya nyumba, hata ile iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti juu ya kabati. Hapa ndipo mtu wa kawaida anaweza kugundua kitu ambacho mashine haitakigundua.

Anza na dawa za kifafa. Fenobabitoni, inayotolewa sana kwenye vituo vyetu kwa kuwa ni rahisi na inafanya kazi, husaidia GABA: kilango cha kloridi kikifunguka, hubaki wazi kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana inazuia degedege, na ndiyo maana dozi ikizidi mtu hupepesuka na kusinzia. Diazepamu hufanya kazi jirani na hiyo, ikivifanya vilango vifunguke mara nyingi zaidi. Fenitoini ina njia yake, lakini nayo ni maarufu kwa kuyumbisha, na ina hila: mwili una kikomo cha kuivunja, hivyo kuongeza kidonge kimoja tu kunaweza kupandisha kiwango kwenye damu kupita hesabu ya kawaida. Ikitumika miaka mingi kwa kiwango kikubwa inaweza kuharibu seli zenyewe za Purkinje. Ukikuta mgonjwa wa kifafa ameanza kuyumba baada ya dozi kubadilishwa, au baada ya kuongezewa dawa nyingine, andika tarehe ya mabadiliko na urudi kituoni. Usimsimamishie dawa mwenyewe. Kuacha ghafla huleta degedege lisilokatika, nalo huua.

Nyingine ni metronidazoli, ile ambayo wengi huiitisha dukani kwa jina la Flagyl kila tumbo likivuruga. Kwa siku chache zilizoandikwa na mtaalamu ni dawa njema. Ikimezwa wiki kwa wiki, leo kwa duka hili na kesho kwa lile, inaweza kushambulia vile vile viini vya denteti, pande zote mbili, na kwenye picha ya MRI vikaonekana vimevimba. Mgonjwa huanza kukata silabi na kuyumba. Jambo la kufurahisha ni kwamba wengi hurudi hali yao dawa ikiachwa mapema. Kwa hiyo swali "umemeza Flagyl ngapi tangu mwezi ule?" liulizwe bila aibu, na liulizwe kwa wenye duka pia.

Kisha pombe. Msimu wa mabibo ukifika, uraka humiminika, na unaochemshwa hugeuka nipa. Kuyumba kwa jioni moja kila mtu anakujua, na sehemu kubwa yake ni serebela: pombe huzidisha ishara za GABA humo. Lililo zito ni la miaka. Mwaka 1959 Maurice Victor, Raymond Adams na Elliott Mancall walieleza jinsi wanywaji wa muda mrefu wanavyopoteza seli za Purkinje kwenye ukanda wa katikati, miguu ikaharibika kuliko mikono. Basi mzee anayeyumba asubuhi kabla hajagusa kitu, nyayo zake zimetanuka, lakini anagusa pua na kidole bila shida, huyo ulizwe habari za nipa na habari za chakula. Upungufu wa vitamini B1 huambatana na ulevi wa kukosa kula. Ukimkuta amechanganyikiwa na macho yanarukaruka, mwambie mhudumu wazi kuwa ni mnywaji asiyekula, ili apewe B1 kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Glukosi peke yake inaweza kummaliza. Kwa aliyeanza kuacha, kunde, mbaazi na choroko ziwe mezani kila siku. Na mnywaji mkubwa asiache kwa siku moja bila usimamizi, maana mwili uliozoea kuzuiwa huripuka kwa degedege.

Muhogo nautenga kwa sababu watu huuchanganya na haya mengine. Konzo haikai kwenye serebela. Huharibu njia ya ishara kutoka ubongo mkubwa kwenda miguuni, miguu ikakakamaa. Huja ghafla, mara nyingi kwa watoto na wanawake vijana, wakati wa njaa au ukame ambapo muhogo mchungu unaliwa bila kusubiri uandaliwe ipasavyo. Ng'ambo ya mto Ruvuma, mkoani Nampula nchini Msumbiji, mwaka 1981 ilipiga watu zaidi ya 1,000. Kwetu iliripotiwa Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana Mtwara na Ruvuma. Nicholas Mlingi na wenzake, pamoja na Howard Bradbury wa Australia, waliwafundisha akina mama wa kusini njia ya kulowesha unga. Tia unga wa muhogo kwenye beseni, weka alama pale unapofikia. Mimina maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena hadi kwenye alama. Simamisha hapo. Tandaza juu ya mkeka au sinia kwa unene usiozidi sentimeta 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, sumu ya muhogo ipae. Upikwe ugali siku hiyohiyo. Hii haiondoi kukakamaa kulikokwisha kuingia, ila inawakinga waliobaki nyumbani, na anayekula makopa ya muhogo mchungu aifanye hata kama hakuna mgonjwa.

Kuishi na mtu anayeyumba

Mengi ya magonjwa haya hayana kidonge cha kuyamaliza. Mazoezi yana kazi zaidi ya wanavyodhani walio wengi. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2009 uliwaweka wagonjwa wa serebela kwenye wiki nne za mazoezi makali ya uwiano wa viungo, na mwendo wao ukawa afadhali. Kinachozoezwa si nguvu, kwa hiyo asibebeshwe ndoo. Asubuhi, kabla hajachoka, apige magoti na viganja mkekani, anyanyue mkono mmoja mbele na mguu wa upande wa pili nyuma, ahesabu hadi tano, abadilishe. Akae kwenye kigoda na kuinuka bila kushika kitu. Atembee akivuka kamba zilizolazwa kwenye mchanga mgumu kwa nafasi zinazolingana, kisha zisizolingana. Afanye polepole; kiungo kimoja kwanza, kingine baadaye.

Chakula kiwe kwenye bakuli zito lenye kingo, chai nusu kikombe. Anayepaliwa akae wima na apewe uji mzito badala ya maji matupu, na aangaliwe mpaka amalize. Chooni ifungwe nguzo ya kushikia. Bodaboda asiendeshe. Baharini asiende peke yake, hata kuokota chaza maji yakiwa ya magotini, na mtumbwi mwembamba aachane nao. Hili wavuvi hulipinga sana, na pengine itabidi kaka yake mkubwa ndiye aseme.

Siku ya kwenda hospitali, iwe zahanati ya karibu kwanza kisha hospitali ya Ligula mjini Mtwara, chukua simu yenye picha na video, karatasi ya miduara, tarehe ya kuanza, na mfuko wenye pakiti zote za dawa, hata tupu. Uliza nyumbani kama mjomba au bibi upande wowote aliwahi kuyumba hivi uzeeni, maana kuna aina za kurithi. Na kama anatumia dawa za kifafa, beba dozi za siku kadhaa, kwa kuwa anaweza kuambiwa alale mjini akisubiri kipimo.